Jerikeni ya Pili

Nilipoachishwa kazi kiwandani, asubuhi zilinilemea kuliko mfuko mtupu. Kwa miaka tisa nilikuwa nimezoea kutoka alfajiri pamoja na wenzangu, na sasa niliamka saa ile ile nikakaa ukingoni mwa kitanda, nisijue pa kwenda wala nani ananihitaji.

Ninaishi Walukuba, hapa Jinja, mtaa uliojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Kwa kuwa watu walitoka pembe nyingi, Kiswahili ndicho tunachosalimiana nacho bombani. Nina jirani mzee tunayemwita Jaja, kama wengi hapa wanavyowaita bibi zao. Siku moja nilimkuta njiani na jerikeni ya lita 20 ambayo kifuniko chake kilikwisha kupotea, naye ameuziba mdomo wa jerikeni kwa kipande cha ndizi mbichi. Alikuwa akiibeba hatua tano, anaitua, anapumua, kisha anaibeba tena. Niliipokea bila kusema neno. Tulipofika mlangoni kwake alinishika kiganja kwa mikono yake miwili, akaniuliza, "Mwanangu, na kesho utakwenda bombani?"

Nikaitikia. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu niachishwe kazi, nililala nikijua kwamba kuna mtu ananisubiri.

Baadaye nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na mwanasaikolojia Lara Aknin pamoja na wenzake, nao ulinigusa kwa sababu sehemu yake ilihusu watu wa hapa Uganda. Washiriki wa Kanada na wa Uganda waliombwa wakumbuke fedha walizowahi kutumia, baadhi kwa ajili yao wenyewe na baadhi kwa ajili ya watu wengine, na katika nchi zote mbili waliokumbuka kutumia fedha kwa ajili ya mwingine ndio waliojisikia wenye furaha zaidi. Naamini hivyo, maana hata katika vikundi vyetu vya munno mukabi, ambavyo huchanga fedha kwa ajili ya misiba na harusi, nimeona jinsi watu wanavyotoka mikutanoni wamechangamka ilhali wametoa senti zao za mwisho.

Sisemi kwamba wema hulipa kodi ya nyumba. Nilihangaika miezi mingi kabla ya kupata kibarua sokoni, na zipo siku nilimchotea Jaja maji huku tumbo likinguruma. Hata hivyo, siku hizo ndizo ninazozikumbuka kwa upendo, kwa sababu tuliketi kizingitini tukanywa chai ya tangawizi, naye akaniuliza habari za kila mtu wa nyumbani kwetu kwa jina.

Juzi nilimnunulia kifuniko kipya. Alikigeuzageuza, akakifunga kwenye pindo la leso yake, akasema kwamba zawadi haitembezwi barabarani. Asubuhi iliyofuata jerikeni ilikuwa mlangoni, imezibwa kwa ndizi mbichi.