Corolla ya Mzee na Premio Mpya: Gari Lipi Linafaa Pemba?

Nyumbani kwetu Wete tunatumia magari mawili ya Toyota, na ndugu wanaotaka kununua gari hupenda kuniuliza lipi bora. La kwanza ni Corolla ya mzee, stesheni wagoni ya miaka ya 1990 yenye injini ya 5A-FE na gia za mkono. La pili ni Premio ya saluni iliyotoka kiwandani mwaka 2008, ambayo sisi tunaiita mpya, kwani kwetu upya wa gari huhesabiwa tangu siku liliposhuka bandarini.

Kwa ukubwa wa injini hayapishani, maana yote ni ya lita 1.5, tofauti huonekana ukifungua boneti. Taimingi ya Corolla, yaani mpangilio wa kufunguka na kufungwa kwa valvu, huendeshwa na mkanda wa mpira, na umeme wa plagi zote nne hugawiwa na distribyuta moja. Mkanda ukikatika utakwama njiani, lakini injini hiyo imeundwa ili valvu zisigongane na pistoni, kwa hiyo fundi hufunga mkanda mwengine na safari ikaendelea. Premio ina injini ya 1NZ-FE, yenye cheni badala ya mkanda, na kila plagi ina koili yake ya kuipa umeme. Hapa naipa haki Premio: cheni hukaa miaka mingi bila ya kuguswa, ilimradi oili ya injini ibadilishwe kwa wakati wake.

Gia ndizo zinazonitia wasiwasi. Premio hii hutumia mfumo wa CVT, yaani mkanda wa chuma unaopita baina ya puli mbili zinazobana na kupanuka, ndiyo maana gari hupanda vilima vya njia ya mji wa Chake Chake bila ya kushituka. Oili yake ni maalumu, na fundi akitia ile ya gia otomatiki za kawaida, gia boksi huweza kuharibika kabisa. Kwenye Corolla, klachi ikiisha, kazi hiyo hufanywa na fundi wa mtaani chini ya mwembe.

Msimu wa karafuu hakuna ubishi. Ukilaza viti vya nyuma vya Corolla unapata sakafu iliyonyooka mpaka mlangoni, na gunia husukumwa ndani moja kwa moja. Makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayopelekwa kiwandani Wawi, kwa kuwa ni mepesi, hujazwa hadi karibu na dari. Buti la Premio lina kina, ila mdomo wake ni mwembamba, na gunia hilo hilo hulazwa ubavu, likageuzwa, likavutwa, mpaka wachukuzi wakaanza kununa. Lakini siku ya kupakia ng'onda, samaki waliokaushwa, mambo hugeuka, kwani Corolla haina ukuta baina ya mzigo na abiria, na mama hakubali tena kupanda mpaka gari lioshwe na kuanikwa milango wazi. Premio ina pia mifuko ya hewa ya kumkinga dereva na abiria wa mbele. Corolla yetu haina hata mmoja.

Kwa hiyo anayekwenda ofisini Chake na kurudi kwa njia ya lami namwambia achukue saluni, baada ya kumuuliza muuzaji ni oili gani iliyomo ndani ya gia boksi. Mwenye shamba namwambia atafute stesheni wagoni, lakini kabla ya kutoa fedha anyanyue mazulia yote aangalie bati la sakafu, kwa sababu hewa ya chumvi ya bahari huitia kutu sakafu wakati injini ingali nzima.