Mkono wa Mama Katika Picha ya Mwaka 1999

Kila Desemba, watu wa ukoo wetu waliotawanyika Dar es Salaam, Tanga na Arusha walipanda kurudi Kibosho kwa ajili ya Krismasi, kama ilivyo desturi ya Wachagga wengi. Tangu binti yangu alipozaliwa mwaka 1993, nilijipa kazi moja katika siku hizo: kuwapiga picha watoto wote wa nyumba yetu, mmoja mmoja, mahali palepale, ili miaka ikipita tuweze kuzipanga picha zao na kuona walivyokua.

Mahali penyewe palikuwa kibaraza cha mama, kinachotazama kaskazini, upande wa Mlima Kilimanjaro. Desemba jua huwa limehamia kusini, hivyo kibaraza hicho hukaa kivulini kutwa nzima, na mwanga unaomfikia mtoto huwa mpole, haumlazimishi kukunja uso. Mtoto alikaa juu ya kigoda kilekile cha marehemu baba, na fremu ya mlango iliyokuwa nyuma yake ndiyo ilikuwa rula yetu. Mimi nilipiga magoti kando ya jiwe nililolizika nusu ardhini, ili umbali usibadilike mwaka hata mwaka na kamera ilingane na macho yake, kwa maana mtoto anayepigwa na mtu mzima aliyesimama hutoka na kichwa kikubwa na miguu mifupi. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini nimeyashika hadi leo, kwa sababu yakibadilika kila mwaka, huwezi tena kujua kilichokua ni mtoto au ni picha.

Mwaka 1999 tarehe 26 Desemba iliangukia Jumapili. Niliamka mapema, kilele cha Kibo kikiwa wazi kabla mawingu hayajakifunika, nikaweka mkanda mpya wa picha 36, ambao ndio pekee niliokuwa nao. Watoto walikuwa tisa. Kabla ya ibada nilipiga picha chache za kujaribu mwanga, bila kumpanga mtu yeyote, wakati wao wakiendelea kuvalishwa. Picha zenyewe hasa tulizipiga saa tano, baada ya kutoka kanisani, kila mtoto akiitwa kwa zamu na kukaa wima kwenye kigoda. Binti yangu, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa amepoteza meno mawili ya mbele ya juu, na shangazi zake walimwonya afumbe mdomo ili mapengo yasionekane. Akaufumba kwa nguvu hadi midomo ikapotea.

Kamera ilipoonyesha 36, nilitaka picha moja zaidi. Wenye kamera za mikanda wanajua kwamba mara nyingine hupatikana ya 37, nami nikavuta mtambo wa kusogeza mkanda kwa nguvu kuliko ilivyopaswa. Nilisikia kitu kikiachia ndani. Nilipozungusha kishikizo cha kurudisha mkanda, kilizunguka chepesi kabisa, nikaamini kwamba mkanda umesharudi kwenye kopo lake, nikafungua mfuniko wa nyuma. Mkanda wote ulikuwa umejizungusha upande wa pili, ukiwa uchi kwenye mwanga wa mchana. Niliufunga mara moja, lakini nilijua nilichofanya. Siku ile ilikuwa sikukuu tena Jumapili, sikuwa na mahali pa kununua mkanda mwingine, na alfajiri ya kesho yake watoto sita kati ya wale tisa walikuwa wanapanda basi. Sikumwambia mtu. Usiku nilijifungia katika stoo ya mama, nikajifunika blanketi zito, nikautoa mkanda kwa kupapasa na kuutia katika kikopo cheusi.

Wiki iliyofuata niliupeleka Moshi mjini kusafishwa. Kijana wa dukani aliuinua kwenye mwanga, akaniambia kwa upole, "Nyingi zimeungua, mzee." Zilizopona zilikuwa tano. Mkanda unapojizungusha, picha za mwanzo hukaa katikati na za mwisho hubaki nje, kwa hiyo zile zilizojikunja ndani zilikingwa na zile za nje, na hizo zilikuwa zile za kujaribu, za saa moja asubuhi.

Mojawapo ni ya binti yangu. Hajakaa kwenye kigoda. Amesimama mbele yake, kidevu juu, mdomo wazi, mapengo yote mawili yakionekana, na kutoka kulia umeingia mkono wa mama yangu ukifunga kifungo cha juu cha gauni la Krismasi. Ncha za vidole ni nyeusi kwa utomvu wa ndizi, kwa kuwa alikuwa akimenya za mtori tangu kabla hapajakucha. Uso wake haumo. Ukingoni pamebaki utepe wa rangi ya chungwa, mahali mwanga ulipopenya. Niliitazama nikiwa nimesimama palepale kwenye kaunta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile sikuumia kuhusu zile zilizoungua, kwa sababu binti yangu wa miaka sita alikuwa hivyo hasa, na hakuwa yule aliyefumba midomo.

Nilipompelekea mama nakala ya saizi ya postikadi, aliisogeza karibu na macho, akasema, "Baba, hapa umenipiga mkono tu, tena mchafu." Hata hivyo aliichomeka kwenye kioo cha kabati la vyombo, na humo ilikaa mwaka mzima.

Desemba ya 2000 tulirudi kibarazani, na safari hii nilikuwa na mikanda miwili. Binti yangu alikuwa ameshaota meno. Alikaa kwenye kigoda, akaniangalia nilipopiga magoti kando ya jiwe, kisha akainuka, akageukia jikoni na kuita, "Bibi, njoo unifunge!" Gauni la mwaka ule halikuwa na kifungo hata kimoja. Mama alitoka akijifuta mikono kwenye kanga.