Nilivyoondoa ndevu kwenye vifuniko vya ndoo

Kwa karibu miezi miwili, katika kiwanda kidogo cha vyombo vya plastiki ninachofanyia kazi Iyunga, jijini Mbeya, kila kifuniko cha ndoo kilichotoka kwenye mashine yangu, inayodunga plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu (umbo la chuma la nusu mbili), kilikuwa na ndevu, yaani utando mwembamba wa plastiki uliochomoza ukingoni, na kila zamu vijana wawili walikaa na visu kuukata. Ndevu hizo zilitokea sehemu moja tu, kona ya chini karibu na mlango wa mwendeshaji, na hilo ndilo nililopaswa kulitilia maanani tangu siku ya kwanza.

Badala yake tuliongeza nguvu ya kubana, yaani ile inayozishikilia nusu mbili za kalibu zisiachane, ingawa hesabu haikututaka tufanye hivyo. Kifuniko kina kipenyo cha sentimita 22, kwa hiyo uso wake una takribani sentimita za mraba 380. Tukikadiria kwamba plastiki iliyoyeyuka inasukuma kwa kilo 300 kila sentimita ya mraba, nguvu inayotaka kuachanisha nusu mbili za kalibu ni kama tani 114, na pamoja na akiba kidogo inafika 125. Sisi tulikuwa tumeipandisha mashine, ambayo uwezo wake wa kubana ni tani 160, hadi tani 155. Ndevu hazikuisha, na upande wa pili wa kifuniko zikaanza kuonekana alama nyeusi za kuungua, kwa sababu mianya myembamba ya kutolea hewa kwenye kalibu ilikuwa imebanwa mno, hewa ikakosa njia, ikashindiliwa ghafla na kupata joto la kuichoma plastiki.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja, fundi wa kukereza vyuma, niliyemwomba aje kuitazama. Alisimama nyuma ya mashine kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniambia, "Kijana wangu, mashine haijachoka. Nguzo moja haivuti pamoja na wenzake."

Ni lazima nieleze maneno hayo. Mashine yetu inabana kwa mikono ya chuma yenye viungo, inayokunjuka kama goti. Silinda huisukuma, na inapokaribia kunyooka, nguvu ndogo ya silinda huzaa nguvu kubwa sana kwenye kalibu. Ikishanyooka kabisa, kinachoishikilia kalibu ni nguzo nne za chuma ambazo zimevutwa na sasa zinataka kurudi urefu wake wa awali. Nguzo zetu zina kipenyo cha sentimita 7 na urefu wa karibu mita 2, na zikibana kwa jumla ya tani 125 kila moja hurefuka takribani milimita 0.8. Milimita hiyo isiyotimia ndiyo ubanaji wote.

Nilinunua karatasi ya kaboni Mwanjelwa, nikabandika vipande kwenye kona nne za kalibu juu ya karatasi nyeupe, nikafunga kwa nguvu ndogo. Kona tatu zilitoa alama nzito, ya nne ilitoa kivuli tu. Kisha nilikata fimbo ya chuma, nikaichonga ncha hadi ikaingia kwa kubana kati ya bamba la mbele na bamba la nyuma, mabamba mazito ya chuma yaliyounganishwa na nguzo hizo, kando ya nguzo moja, nikaihamishia kwenye nyingine zote na kupima pengo kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vya kupimia mianya. Kwenye kona yenye ndevu lilibaki pengo la milimita 0.3.

Chanzo kilikuwa mnyororo unaozungusha nati nne za nyuma, moja kwa kila nguzo, tunaporekebisha mashine kulingana na unene wa kalibu. Ulikuwa umelegea na kuruka meno, nati moja ikabaki nyuma, na nguzo yake haikuvutwa sawa na nyingine. Tulifungua mnyororo, tukairudisha nati mahali pake huku tukipima baada ya kila jino, tukaukaza mnyororo na kupaka grisi pini zote za mikono.

Sikurudi kwenye tani 155. Nilianzia 100, nikapanda tano tano, nikipiga vifuniko kumi kila hatua na kupitisha ukucha ukingoni, na kwenye 120 ukingo ukawa laini. Alama za kuungua nazo zilitoweka. Asubuhi za Julai, baridi yetu inapoifanya oili kuwa nzito, naiacha mashine ifunge na kufungua bila kudunga plastiki hadi oili ipate joto, na hapo ndipo napima. Kwenye kila nati nimechora mstari mweupe wa rangi, na kila tunapobadilisha kalibu naangalia mistari yote minne kabla ya kuwasha.