Inaonekana

Nimejaribu kulipuuza neno moja, nimeshindwa, kwa hiyo naliandika hapa. Mnisaidie au mnicheke, vyovyote.

Jumanne Signora, fundi anayenifundisha kazi, alichukua sweta la kijivu kwenye rundo langu, akalipeleka dirishani. Akapitisha kidole gumba shingoni, taratibu, mzunguko mzima. "Hili umelishona wewe," akasema. Nikajibu, ndiyo Signora. "Inaonekana," akasema, akaliweka kwenye meza ya kazi zilizokwisha, akaenda kunywa kahawa yake.

Basi. Hakunirudishia kazi, hakukunja uso, hakucheka. Wenyeji wa humu mnamjua. Huyu ndiye aliyeniambia mbele ya dereva wa mizigo kwamba kofia yangu inanizeesha. Angekuwa na neno baya angelitoa zima. Au ndilo hilo alilolitoa?

Mgeni asome hivi: tuko nje kidogo ya Perugia, Italia, karakana ndogo, ukoo wa bosi na sisi wachache. Upande mmoja masweta ya kashmiri, upande wa pili mikoba na pochi za ngozi. Mimi nilianzia kwenye ngozi nilipomaliza kozi ya Kiitaliano. Sasa nimehamishiwa kwa Signora nijifunze rimaglio, kwa sababu macho yake yamechoka, anastaafu, na vijana wa hapa hawaitaki kazi hiyo. Siyo kwetu tu. Hata pale Solomeo, kijiji jirani, Brunello Cucinelli, mwenye kampuni ya nguo za kashmiri, alifungua shule ya ufundi mwaka 2013, na ufundi huu ni mmoja wa inayofundishwa.

Rimaglio ni kuunganisha shingo na mwili wa sweta kitanzi kwa kitanzi. Mashine ni sahani ya duara iliyozungukwa na sindano. Kila kitanzi cha uzi unakivalisha kwenye sindano yake kwa mkono, halafu kitanzi mwenzake wa upande wa pili, ndipo uzi wa kuunganisha unapita. Ukiruka kimoja, sweta litafumuka hapo hapo mbele ya mteja. Na uzi wenyewe! Kashmiri ni manyoya ya ndani ya mbuzi wa Mongolia na kaskazini ya China, yale wanayoota kujikinga na baridi, yanachanwa wakati wa masika ya kule mbuzi anapoyapukutisha. Unene wake haufiki mikroni 19, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mbuzi mmoja kwa mwaka anatoa kitu kama gramu 150 mpaka 200 safi, kwa hiyo sweta moja ni kama mbuzi wawili au zaidi. Nilipomwambia mama aliuliza kama nyama yao nayo inaliwa. Bei ya sweta sijamwambia na sitamwambia.

Sasa elewa kwa nini neno lile limenikaa kooni. Kazi nzuri ya rimaglio haionekani. Ndiyo maana yake yote. Unapitisha kidole shingoni hukuti tuta, huoni pa kuanzia wala pa kuishia, kana kwamba sweta liliota lenyewe. Sasa fundi wa miaka yote hiyo akikuambia kazi yako inaonekana, ufanye nini?

Kwenye ngozi ni kinyume. Pochi tunashona kwa sindano mbili, uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano kila ncha, zote zinapita tundu lile lile. Uzi ukikatika mahali, mshono unabaki umeshika. Na mshono ule unalala ubavu kidogo, kila fundi na mvuto wake. Wa bosi umekazwa kama mkanda wa askari. Wangu ni mlegevu kidogo, unapumua. Mteja analipia kuuona. Signora angesema "inaonekana" juu ya pochi ningetembea kifua mbele mpaka kituo cha basi.

Nimelirudia kichwani kwa sauti zote. Kwa sauti ya sifa: inaonekana, yaani umeanza kuwa na mkono wako. Kwa sauti ya lawama: inaonekana, kwa bahati mbaya. Kwa sauti ya mtu anayewaza kahawa. Wiki hiyo hiyo kibali changu cha kuishi kimetoka baada ya kusubiri tangu kiangazi, na mdogo wangu Tumaini ameposwa, wazee wameshakaa na mahari imekubaliwa, lakini nilipopiga simu nyumbani nilianza na Signora.

"Dada, amekusifia huyo," akasema Tumaini, bila hata kusubiri nimalize, maana siku hizi kila kitu kwake ni sifa.

Mama akanyang'anya simu. "Kwani sweta alilirudisha?"

"Hapana, mama."

"Alilipa hela kamili bosi wako?"

"Bado, mwisho wa mwezi."

"Basi subiri mwisho wa mwezi ndiyo ulie."

Halafu ikafika tarehe 8 Machi. Hapa siku ya wanawake unapewa tawi la mimosa, mti wa maua ya njano. Ni desturi ya tangu 1946. Vita vimekwisha, hela hakuna, wakachagua ua lililochanua msimu huo na ambalo halikuwa ghali. Bosi akapita na fungu kwapani, kila mwanamke tawi lake. Mimi nikalinusa nikacheka peke yangu, kwa sababu jamani, hawa ni miwati, ile miti ya kwetu! Sawa, siyo mwati wetu kamili. Ule wao ni wa njano kali, wetu umepauka. Lakini ni ndugu wa tumbo moja, wote walitoka Australia.

Signora akataka kujua nacheka nini. Nikamweleza kwamba kwetu Njombe mti huu umejaa vilimani, kampuni ya miwati ipo tangu 1949. Magome yanabanduliwa, yanatolewa tanini, nayo ndiyo inayofanya ngozi mbichi iwe ngozi isiyooza. Viwanda vya Santa Croce sull'Arno tunakonunua ngozi vinatumia tanini ya mti wa chesnati, ya kebracho kutoka Amerika Kusini, na ya mwati, ambayo wao nao wanaiita mimosa. Nikamwonyesha gunia nililopiga picha tulipokwenda kiwandani. Lilikuwa limetoka Brazil. Hilo liliniuma siku ile, lakini nikaliruka.

"Na gome likishatoka, mti mnaufanyia nini?"

"Kuni. Mkaa. Mama anapikia."

Akaliangalia tawi lake. "Mama yako anapikia Sikukuu ya Wanawake?"

Alicheka mpaka akavua miwani. Sijawahi kumwona amevua miwani karakanani. Akamwita bosi ili nirudie, nikarudia, safari hii na mikono, nikionyesha mama anavyopuliza moto. Mchana mzima nilikuwa mwepesi. Nilifunga shingo za masweta mawili mekundu bila kuangalia saa, na yeye akachomeka tawi kwenye taa ya mashine yake.

Najua mtaniuliza. Hapana, sikumuuliza habari za Jumanne. Masweta yale mekundu aliyachukua akayaweka mezani bila neno, na sasa nina hilo nalo la kuwaza.

Ila kinachonikesha usiku huu ni kingine. Tumaini limemponyoka neno kwamba Beni wetu wa nyumbani ameanza kubeba abiria kwa bodaboda usiku, Makambako mpaka Njombe, kwenye ukungu ule na malori yale, na kofia ya abiria hana. Nimempigia mara tatu. Simu inaita tu.