Umri wa Mgunga Ukingoni mwa Korongo

Mwaka 2013 nilikuwa mwanafunzi wa ualimu wa Jiografia katika Chuo Kikuu cha Dodoma, na miongoni mwa kozi nilizochukua ilikuwamo ya elimu ya mazingira, ambayo sehemu yake kubwa haikufanyika katika kumbi za mihadhara za Chimwaga bali porini, mashambani na kwenye mito mikavu. Wengi wetu tuliipokea kwa mashaka. Tulikuwa tumesoma katika shule ambazo kutolewa nje ya darasa kulikuwa na maana moja tu, kwamba umechelewa au umepiga kelele, kwa hiyo nenda kamwagilie miti. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe, lakini hadi sisi tunafika darasani jembe lilikuwa limeshageuka kuwa fimbo ya pili. Ndiyo maana siku tulipogawiwa majembe, kamba na futi kabla ya kupanda basi la kwenda Kondoa, mwenzetu mmoja aliuliza kwa sauti ni nani aliyekosa, na basi zima likacheka.

Kondoa si pageni kwa yeyote aliyesoma habari za ardhi katika nchi yetu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu wote huuita HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ukachimba makinga maji na kupanda miti, na mwaka 1979 ikachukuliwa hatua nzito ya kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika zaidi la milima ya Irangi, lenye kilometa za mraba 1,256. Katika madaftari yetu habari hiyo ilikuwa fupi na yenye mwisho mwema: mifugo ilitoka, nyasi zikarudi, mmomonyoko ukapungua. Mwalimu wetu, ambaye hakupenda habari fupi, alitupeleka upande wa Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa, si mbali na michoro ya miambani iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Michoro yenyewe hatukusimama kuitazama, kwa maelezo kwamba haikuwamo katika ratiba, na hilo sijaacha kulinung'unikia.

Kundi langu lilipewa korongo lililokuwa na mgunga ukingoni, na kazi yetu ilikuwa kukadiria kasi ya udongo kuondoka kwa kusoma mizizi. Mti unapoota, pale shina linapoishia na mizizi kuanzia huwa usawa wa ardhi. Ardhi ikishuka, sehemu hiyo hubaki juu, basi unapima urefu kutoka hapo hadi ardhi ilipo leo, unagawanya kwa umri wa mti, unapata wastani wa kila mwaka. Ni njia isiyohitaji mtambo wowote, na nadhani ndiyo sababu niliipenda, kwa kuwa shule ambazo tungepangiwa kufundisha zisingekuwa na mtambo.

Mgunga wetu ulikuwa umebaki na nusu ya mizizi yake hewani. Mizizi ya upande wa mlima ilikuwa imekomaa na kupasuka sawasawa na gome la shina, ishara ya kukaa juani miaka mingi, lakini ile ya upande wa korongo ilikuwa bado laini, na vimizizi vyake vyembamba vilishikilia mabonge ya udongo mwekundu ambayo yaliporomoka nilipoyagusa. Nililala kifudifudi nikashikilia ncha ya futi chini, mwenzangu akasoma juu: sentimeta 61.

Tatizo likawa umri. Mwongozo ulituelekeza tukadirie kwa mzingo wa shina, jambo ambalo kwa mgunga ni kubahatisha, kwa sababu ukuaji wake hutegemea sana mvua na mahali uliposimama. Tukakubaliana miaka 60, tukapata takriban sentimeta moja kwa mwaka, na nakiri kwamba tuliridhika kwa sababu hesabu ilikuwa nyepesi.

Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alikuwa akitutazama kutoka ng'ambo ya korongo. Tulimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mnaupimia nini, mnataka kuukata?" Tulipomweleza kazi yetu na ile miaka 60, alicheka mpaka akakohoa. "Huu nimeuona ukiota. Ng'ombe walipokuwepo, hapa palikuwa njia yao ya kwenda kunywa maji. Mche gani ungepona kwenye kwato? Walipoondolewa ndipo migunga ikainuka."

Mtu wa kwanza kuelewa uzito wa maneno hayo alikuwa mwenzetu aliyekuwa akiandika. Kama mti ulianza baada ya mwaka 1979, umri wake haukuzidi miaka 34, na kasi yetu ilikaribia sentimeta 1.8 kwa mwaka. Zaidi ya hapo, udongo wote tuliokuwa tumeupima ulikuwa umeondoka wakati mifugo haipo tena. Tulimwita mwalimu.

Mwalimu alimsalimu mzee kwa heshima, akamuuliza kama basi kuondoa mifugo hakukusaidia kitu. "Sijasema hivyo, mwalimu," mzee akajibu, akielekeza fimbo yake mlimani kulikofungamana miti. "Kule kulikuwa udongo mtupu, leo tunatundika mizinga. Ninasema hapa ng'ombe waliondoka, maji hayakuondoka." Kisha akaeleza mambo ambayo madaftari yetu hayakuwa nayo: familia zilizopeleka ng'ombe kwa jamaa nje ya eneo na kuwakosa moja kwa moja, watoto waliokua bila maziwa nyumbani, na mashamba yaliyokosa samadi, hadi baadaye waliporuhusiwa kufuga ng'ombe wa maziwa zizini. Mwalimu aliyaandika yote. Nilikuwa sijawahi kumwona mwalimu wa chuo kikuu akiandika maneno ya mtu asiye na cheti, na ilinishughulisha kuliko nilivyoonyesha.

Mzee akatuambia tuyafuate maji. Tulipanda na ile iliyokuwa njia ya ng'ombe, ambayo ilikuwa imedidimia hadi kufika magotini, na juu tukakuta mfereji wa barabara ya kijiji ukimwaga humo maji yote uliyoyakusanya. Tulitumia fremu ya miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, yenye kamba na jiwe la kuning'inia katikati, kutafuta mstari wa usawa ambapo kingamaji lingeweza kuyatawanya maji kabla hayajafika kwenye njia hiyo. Jiwe lilikataa kutulia kwa sababu ya upepo, na kila aliyeshika fremu aliona wenzake hawajui kuishika.

Ripoti ndiyo iliyotugombanisha. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni wafugaji, alitaka tuandike kwamba mifugo ilisingiziwa. Mwingine aliona hatuwezi kuweka kumbukumbu za mtu mmoja juu ya mradi wa miaka mingi. Mimi nilishikilia kwamba mzee hakuwa amesema lolote kati ya hayo mawili: njia ilichimbwa na kwato, ikarithiwa na maji, na mfereji ukaongezea, kwa hiyo mlima ungeweza kupona huku korongo likiendelea kula ukingo wake. Hatimaye tuliweka kasi zote mbili katika jedwali moja, tukaeleza kila umri umetoka wapi, na tukachora mchoro wa njia ya maji kuanzia barabarani hadi kwenye mti. Mwalimu aliipokea, akakata alama kwa mchoro usio na kipimio, kisha akaagiza nakala moja ipelekwe ofisi ya kijiji, na kwamba sehemu ya mfereji iandikwe upya bila istilahi za darasani ili mwenyekiti aweze kuisoma mbele ya mkutano. Sehemu hiyo niliiandika mimi, na ilinichukua muda mrefu kuliko ripoti yote.