Poka ya vifungo, usiku wa nyuki

Bi Mkubwa alinikuta uani nachambua vifungo kwa rangi, akauliza, "Hiyo kamari?" Nikamjibu hakuna atakayetoa hata senti. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua zawadi inatoka wapi. Nikamwonyesha chupa ya asali ya Handeni niliyoinunua kwa pesa yangu. "Haya, chezeni. Lakini Isha iswaliwe kwanza."

Huyo nilimmaliza. Aliyenisumbua ni shemeji yangu, baharia aliyejifunzia poka melini. Yeye anasema poka bila pesa si poka, na hoja yake siyo ya kupuuza. Mchezo wote umesimama juu ya mkwara: una karata mbovu, unapandisha dau kwa uso mkavu, mwenzio anaogopa na kutupa zake nzuri. Sasa kama hana cha kupoteza, aogope nini? Atakufuata tu mpaka mwisho ili aone umeshika nini. Nimeshakaa kwenye meza za namna hiyo, na baada ya nusu saa kila mtu anaweka vyote, vicheko tele, mchezo hamna.

Ila shemeji amekaa sana baharini, amesahau watu wa Ngamiani hapa Tanga. Huku mtu akipoteza elfu kumi analala vizuri tu. Achekwe na dada yake mbele ya majirani, uone kama atapata usingizi. Basi nikaamua kwamba usiku ule dau litakuwa maneno.

Kwa kuwa ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, nikachagua Vita vya Nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta hapa Tanga jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, wakashukia Ras Kasone. Mjerumani alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baadhi waliletwa kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 4, kwenye mapigano makubwa, nyuki wakavurugwa mizingani wakatoka kwa hasira. Kesho yake Waingereza wakarudi melini, wakaacha nyuma bunduki na risasi. Watu hupenda kusimulia kana kwamba wale nyuki waliajiriwa na Mjerumani, wakati waliuma pande zote mbili.

Tulikuwa wanane, meza mbili za watu wanne wanne. Moja nikaiita Ras Kasone, nyingine Stesheni. Wa Stesheni niliwashonea kofia za kaki zenye kitambaa cha kufunika shingo, kutokana na vipande vilivyobaki kwenye sare za shule. Wa Ras Kasone walipiga vilemba vya khanga. Pembeni niliweka benchi, nikaliita Meli. Ukiishiwa vifungo unapanda Meli, na aliye Melini ana ruhusa ya kumsema yeyote aliyebaki mezani. Wa kwanza kupanda anachemsha kahawa, wa pili anakaanga bajia. Mwalimu, jirani yetu, aliomba pawe na "treni ya Moshi": anayeishiwa mapema aletewe vifungo vipya arudi vitani. Nikakataa. Mtu anayejua atarudi hachezi, anatupa vifungo tu.

Faida ya kuwa fundi cherehani ni kwamba vifungo vimejaa nyumbani. Cheupe cha shati kilikuwa 25, cha suruali 100, kile kikubwa cha koti 500. Kila mtu alipewa vyeupe vinane, vya suruali vinane na vya koti viwili, jumla 2,000. Madau ya lazima, yale ambayo watu wawili kwa zamu huweka kabla ya kuona karata, yalianza 25 na 50, yakawa yanapanda kila baada ya dakika 20. Usiruke hilo ukiandaa mchezo kwako. Ndilo linalomtoa mtu kwenye uvivu. Ukikaa unasubiri karata nzuri tu, vifungo vinayeyuka mbele yako, na Meli inakuita kwa jina.

Halafu sheria ya nyuki. Saba ya pau nilichora nyuki kwa kalamu ya wino. Ikifunuliwa kati ya zile karata tano za katikati, ambazo kila mtu huziunganisha na mbili alizoshika, kila aliye mezani, hata aliyekwisha kutupa karata zake, anatoa kifungo kimoja cheupe kiingie kwenye fungu. Zikifunuliwa zote tano, ni kama mara moja katika kila migao kumi. Kwa hiyo haiharibu mchezo, inauma tu.

Wifi yangu, dadake shemeji, hakusema kitu tangu Isha. Anatupa, anatupa, anakunywa chai ya tangawizi. Walipobaki watatu tukawa tumeshaunganisha meza. Mimi ndiye niliyekuwa nagawa, maana nilishapanda Meli zamani na bajia nilikwisha kuzikaanga. Shemeji akapandisha dau, wifi akafuata, mwalimu akatupa. Nikafunua tatu za kati: kumi ya kopa, ghulamu wa kopa, na saba ya pau. Nyuki! Benchi zima likavuma mdomoni, vvvv, hata Bi Mkubwa kule mlangoni. Vifungo vyeupe vikatolewa.

Shemeji akasukuma vyote alivyokuwa navyo. Wifi akaweka kikombe chini, akapangusa vidole kwenye khanga, akamtazama kaka yake muda mrefu mpaka yule bwana akaanza kukuna sikio. "Nakufuata, kaka."

Shemeji akafunua ree mbili, jozi kubwa kuliko zote. Kupewa jozi hiyo mwanzoni ni bahati ya mara moja katika 221, na aliifunua kwa mbwembwe zote. Wifi alikuwa na nane na tisa. Saba, nane, tisa, kumi, ghulamu: mfululizo wa karata tano, unaoshinda jozi, umeshakamilika, na aliyeukamilisha ni nyuki mwenyewe. Nikafunua mbili ya uru, kisha bibi wa shupaza. Ree zikabaki ree. Kofia ya kaki ikavuliwa, Meli ikampokea kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Asali hakuichukua wifi, lakini. Mwalimu alimpiga mikwara miwili mfululizo madau yalipofika 400 na 800, wifi akatupa mara zote mbili, na kufika saa tano vifungo vyote vilikuwa kwa mwalimu. Baadaye alituonyesha karata za ule mkwara wa pili: nne na mbili, hata rangi hazifanani. Kwa hiyo shemeji aniambie tena kwamba bila pesa hakuna anayeogopa.

Hilo halisemi siku hizi. Kila akipita dukani kwangu ananidai niiondoe sheria ya nyuki kabla hatujacheza tena. Nimemwambia haiondoki, na kama haitaki akacheze na mabaharia wenzake.