Siku ya mifarishi chini ya miembe ya Ujiji

Saa 11 alfajiri. Huku Kigoma jua huchelewa, hata saa 12 asubuhi bado kiza, kwa hiyo natia mkaa kwenye pasi kwa mwanga wa simu. Mfarishi wangu una kona iliyojikunja na siwezi kuupeleka mbele za watu hivyo. Siku nyingine mimi ni fundi cherehani, sare za shule na magauni ya vitenge. Leo kibanda nimekifunga. Kikundi chetu cha akina mama 14 kinaonyesha mifarishi ya viraka, na wageni ndio watakaochagua.

Kwa asiyewahi kuushona: mfarishi una tabaka tatu. Juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini kitambaa kizima. Sisi hutumia marekani, nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ileile ambayo enzi za misafara ya biashara ilipokelewa hapa Ujiji kama fedha. Tabaka hupigwa bandi kwanza zisihame, kisha hushonwa kwa mkono, sindano ikipenya juu hadi chini, mwisho pindo. Wa kitanda cha futi 5 kwa 6, viraka vya inchi 4, unakula viraka 270. Mtu akikuuliza kwa nini umechukua miezi minne, mpe hesabu hiyo.

Saa 1 na nusu tunafunga kamba kati ya miembe. Upepo wa ziwa umeamka mapema kuliko sisi, mfarishi mmoja unaanguka vumbini na mwenyewe anashika kichwa. Tunaukung'uta, tunaongeza vibanio. Mlangoni tunaweka beseni la maji na sabuni. Huu ni mji wa mawese, na doa la mawese kwenye kitambaa cheupe halitoki.

Saa 3 wageni wanaanza kuingia. Kila mmoja, hata mtoto, anapewa punje moja ya harage la njano. Chini ya kila mfarishi kuna kopo la maziwa lenye namba. Unaoupenda, tumbukiza punje yako.

Mimi nina tabia ya kwenda nyuma ya kamba. Mbele kila kitu hupendeza; ufundi husomwa mgongoni. Namba 6, nyota kubwa ya bluu na nyeupe, mgongo wake ni safi kama ukurasa ulioandikwa na mwalimu. Naweka futi kamba: mishono 8 kwenye inchi moja, na hivyo hivyo hadi kona ya mwisho. Punje yangu inaingia humo bila kusita.

Watu wanaipita. Watoto wamejazana kwenye namba 9, yenye picha ya MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, bomba lake limekatwa kwenye kitenge chekundu. Kila mzee anayefika hapo ana safari yake ya kusimulia.

Lakini msongamano uko namba 11. Mwenzetu ameushona kwa kanga za marehemu mama yake. Mistari imepinda, siwezi kusema haikupinda. Majina ya kanga ameyakata mazima na kuyapanga kama vipande vya mpaka, juu hadi chini. Bibi mmoja anayafuata kwa kidole, anasoma polepole, halafu anasimama.

“Hii nilikuwa nayo,” anasema. “Ndiyo niliyombebea mwanangu wa pili.”

“Shikamoo bibi, kaa basi,” namwambia, namletea kiti. Anakaa hapo mpaka adhana ya adhuhuri.

Saa 8, ugali na migebuka, kwa zamu.

Saa 10 tunahesabu. Namba 11 punje 73, Liemba 58, nyota 19. Nimeumia, nakiri. Mwenye nyota ni binti mdogo na ameshona vizuri kuliko sisi sote. Namwambia hivyo mbele ya wote, ili asije akalegeza mshono kwa sababu ya makopo.

Kisha naenda kuugeuza namba 11, kwa kuwa sikuwa nimeugeuza. Katikati ya kiraka kimoja cha kanga ya zambarau kuna tundu dogo la kuungua, ukubwa wa kitufe. Hakuliziba. Amelizungushia mshono, duara moja, jingine, jingine, midogo kabisa, na kwenye marekani nyuma duara hizo zinaonekana bila kasoro.

“Cheche ya jiko hiyo,” ananiambia. “Mama alikuwa akitupikia chai.”

Ananionyesha jinsi alivyoanzia ndani kwenda nje, uzi usivute.

Saa 1 jioni jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, nasi tunakunja, wawili wawili, ncha kwa ncha. Maharage ya kura yamejaa bakuli moja. Mwenye namba 11 anayabeba. Kesho anayachanganya na mengine chunguni, na sote tumeitwa.